Mtoto Hakui kwa Kalenda: Nadharia za Ukuaji wa Binadamu, Nguvu Zake na Upungufu Wake



Walimu wengi wa nasari na wahudumu wa afya ya jamii walio katika vikundi vyetu wanasomea cheti ama diploma wakati wa likizo. Kuna swali moja ambalo ni nadra kukosa kwenye mtihani: eleza nguvu na upungufu wa nadharia za ukuaji wa binadamu tangu kuzaliwa mpaka uzee. Mwanafunzi anakariri majina ya Wazungu, anakariri hatua na miaka yake, anapita vizuri, halafu Jumatatu anarudi darasani na kumkuta mtoto yule yule ambaye hajui amfanyie nini.

Somo letu la leo si la kukariri. Tutafuata maisha ya mtu kutoka kubebwa mgongoni mpaka kushika mkongojo, na kila pahali tutamwuliza mwenye nadharia maswali mawili. Uliona nini ambacho wengine hawakuwa wameona? Na je, uliwaangalia watoto wa nani? Niseme mapema vile ninavyoona mimi: katika karibu nadharia hizi zote, kitu kilicho dhaifu kuliko vyote ni ile orodha ya miaka na miezi. Na kwa bahati mbaya ndiyo inayofundishwa sana, inayobandikwa ukutani, na inayotumiwa kumwambia mama kwamba mtoto wake ni mzito.

Neno nadharia lisikutishe. Nyanya akisema, "Huyu mtoto anachelewa kutembea kwa sababu kila mtu anambeba," ametoa nadharia. Ametaja jambo, akataja sababu yake, na sisi tunaweza kuangalia watoto wengine tuone kama ni kweli. Tofauti yake na msomi ni kwamba msomi ameandika, na wengine wamepata nafasi ya kumpinga.

KUKAA NA KUTEMBEA

Arnold Gesell alikuwa daktari wa Marekani, akafanya kazi katika Chuo Kikuu cha Yale. Kwa miaka mingi aliwapiga watoto picha za sinema, akaandika ni mwezi gani wanainua kichwa, wanakaa, wanasimama, wanatembea. Nadharia yake ilikuwa kwamba mwili una ratiba yake ndani, kama vile mhindi haukimbizwi kutoa mbelewele. Nguvu ya fundisho hili ni kubwa. Liliwapa madaktari njia ya kutambua mapema mtoto mwenye shida, na likawatuliza wazazi waliokuwa wanalazimisha watoto.

Lakini ratiba ile ilitoka kwa watoto wa mji wa New Haven na familia zao. Katika miaka ya 1950, daktari Mfaransa Marcelle Geber alichukua vipimo vya Gesell akavitumia Kampala, Uganda, akakuta watoto wachanga wa huko wako mbele ya ile orodha. Watu wakaanza kusema ati Mwafrika huzaliwa na mwili wa haraka. Sasa angalia hatari ya orodha: ikitofautiana na watoto, watu wanakimbilia kusema watoto ndio tofauti.

Jibu zuri lilitoka hapa Kenya. Katika miaka ya 1970, Charles Super na Sara Harkness waliishi kati ya Wakipsigis wa Kokwet, wakaangalia akina mama wanafanya nini kila siku. Waliona kwamba mtoto anafundishwa kukaa. Anaketishwa katika shimo dogo lililochimbwa ardhini, ama katikati ya mablanketi yaliyokunjwa, ili mgongo upate kushikiliwa. Anafundishwa kutembea kwa kushikwa chini ya makwapa. Na kweli watoto hao walikaa na kutembea mapema, kama mwezi mmoja hivi, kuliko wa Marekani. Lakini katika mambo ambayo hawakufundishwa, kama kutambaa, hawakuwa mbele. Kwa hiyo si damu. Ni mazoezi, na ni kile ambacho jamii inaona ni cha maana.

Baadaye Shirika la Afya Duniani liliwafuata watoto katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Matokeo yalitolewa mwaka 2006, na hayakutaja mwezi mmoja. Yalitoa kama dirisha. Kukaa bila kushikwa kunaweza kuanza karibu na miezi 4 au kuchelewa mpaka miezi 9; kutembea peke yake kunaweza kuanza miezi 8 au kungoja mpaka miezi 17 na nusu, na mtoto akawa mzima kabisa. Mama mwenye mtoto wa miezi 14 asiyetembea hana haja ya kulia usiku. Yule ambaye mtoto wake amepita miezi 9 na hakai asingoje ushauri wa majirani. Ampeleke kliniki. Orodha ina kazi yake, tusiitupe yote.

KIFUNGO CHA MTOTO NA MLEZI

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo nadharia imeingia katika maamuzi ya watu wengi: mama aende kazini ama asiende, mtoto aachwe na nani, yatima apelekwe wapi.

John Bowlby alikuwa daktari wa Uingereza. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Ulaya ilikuwa na watoto wengi wasio na makao, na Shirika la Afya Duniani likamwomba aandike ripoti, ambayo ilitoka mwaka 1951. Alisema mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu, wa upendo, usiokatika, na mama ama mtu anayesimama badala ya mama. Bila huo, anaweza kuumia rohoni hata akiwa ameshiba na ni msafi. Leo tunaona ni jambo la kawaida, lakini siku hizo hospitali nyingi za Uingereza zilimruhusu mzazi kumwona mtoto mgonjwa kwa muda mfupi sana. Mtoto alilia siku za kwanza, kisha akanyamaza, na wauguzi wakasema amezoea. Mwenzake Bowlby, James Robertson, alitengeneza filamu mwaka 1952 kuonyesha kwamba yule mtoto aliyenyamaza hakuwa amezoea, alikuwa amekata tamaa. Milango ya wodi ilianza kufunguliwa polepole. Sioni nadharia nyingine katika somo hili ambayo imefuta machozi mengi hivyo.

Upungufu wake ni kwamba Bowlby alimweka mtu mmoja katikati, na mara nyingi alipoandika alimwandika mama. Wanawake wengi wa Ulaya na Marekani waliambiwa wakienda kazini wataharibu watoto. Na sisi tunaolea kwa mikono mingi, yaani nyanya, shangazi, dada mkubwa na yaya, tunaingia wapi katika mchoro huo?

Hapo ndipo Mary Ainsworth anaingia. Mwaka 1954 alifika Uganda pamoja na mumewe, akaanza kutembelea familia 26 katika vijiji karibu na Kampala. Alikaa sebuleni na akina mama wa Kiganda, akaongea nao kupitia mkalimani, akaangalia watoto wakinyonya, wakitambaa kwenda mbali na mama kisha kurudi. Aliona kwamba mtoto anamtumia mlezi kama kambi: anaenda kuchungulia dunia, akishtuka anakimbia nyumbani. Aliona pia kwamba mama anayejua habari za mtoto wake kwa undani, nini kinamfurahisha na analia vipi akiwa na njaa, mtoto wake huwa na utulivu. Aliona vile vile kwamba watoto wengine walishikamana na baba, na nyanya, na ndugu. Watu wengi wanaofundishwa nadharia hii leo wanadhani ilizaliwa Marekani. La. Msingi wake uliwekwa hapa kwetu, kwenye mikeka ya Buganda.

Alipohamia Baltimore, Ainsworth alitengeneza kipimo cha dakika kama 20. Mama na mtoto wa mwaka mmoja wanaingia chumba kigeni, mgeni anaingia, mama anatoka, anarudi, na mtafiti anaandika vile mtoto anavyompokea. Kipimo kikaenea dunia nzima. Kule Sapporo, Japani, ambako mtoto wa umri huo hakuwa amezoea kuachwa hata kidogo, wengi walilia sana na kuhesabiwa kuwa na wasiwasi. Kaskazini mwa Ujerumani, ambako watoto walizoezwa kujitegemea mapema, wengi hawakumkimbilia mama, wakahesabiwa wanamkwepa. Kipimo kimoja, lakini watoto hawakukiona kwa macho mamoja.

Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman walikileta kipimo hiki Gusii, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1986. Walikuwa na busara ya kukigeuza: walikifanyia nje ya nyumba ya mama, si chumba kigeni. Waligundua jambo ambalo linanifurahisha kila nikilifikiria. Mtoto wa Marekani mama akirudi anangoja kukumbatiwa. Mtoto wa Kigusii alizoea kusalimiwa kwa mkono, basi mlezi akirudi, yeye alingoja mkono. Mtafiti asiyejua hilo angeandika kwamba mtoto huyu hana upendo. Waligundua pia kwamba watoto wengi walikuwa na kifungo imara na mama na kingine na yule mtoto mkubwa aliyewalea mchana. Usalama kwa mama uliendana na vile mtoto alivyolishwa. Usalama kwa mlezi wa pili uliendana na maendeleo ya akili yake. Kwa hiyo yule dada ama yaya unayemwachia mtoto si kiti cha kumwekea mtoto mpaka urudi. Ukimbadilisha kila baada ya miezi miwili, mtoto anapoteza mtu.

Sasa tuje kwa yatima. Makundi mengi yenye moyo mwema, na makanisa yamo, yamejenga makao ya watoto. Je, nadharia inasema nini? Mwaka 2001, huko Bucharest, Romania, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza kufuata watoto 136 waliokuwa katika vituo. Kwa kura, nusu walipelekwa kwa familia za kulea, nusu wakabaki katika utaratibu wa kawaida wa nchi. Waliopata familia walisonga mbele kiakili na katika kupenda na kupendwa, hasa wale waliopelekwa kabla ya kufika miaka 2 hivi. Vituo havikukosa kitanda wala uji. Kilichokosekana ni mtu yule yule kesho.

Hapa umri una maana, na haya ni mambo ya kuheshimu. Serikali ya Kenya mwaka 2022 ilipitisha Sheria ya Watoto mpya, na mwaka huo huo ikazindua mpango wa miaka kumi wa kuwatoa watoto katika taasisi na kuwarudisha kwa familia na jamii. Kikundi chenye pesa za kujenga bweni kifikirie kwanza: pesa hizo hizo zingeweza kumlipia shangazi yake mtoto karo, unga na kodi ya nyumba kwa miaka mingapi? Najua si kila shangazi ni mwema, na kuna watoto waliokimbia nyumbani kwa sababu nzuri. Hao wanahitaji pahali pa usalama usiku huu huu. Lakini bweni lisiwe jibu la kwanza kwa sababu tu linapendeza kwenye picha ya mfadhili.

AKILI YA MTOTO WA NASARI

Jean Piaget wa Uswisi, alipokuwa kijana, alifanya kazi Paris ya kusahihisha majaribio ya watoto. Wengine walihesabu majibu yaliyo sawa. Yeye alivutiwa na yale ya makosa, kwa sababu aliona watoto wa umri mmoja wanakosa kwa namna moja. Akafikiri: basi mtoto si chombo kitupu, ana njia yake ya kufikiri. Hiyo ndiyo nguvu yake kuu. Ukichukua kitu kimoja tu kutoka kwa Piaget, chukua hicho: kabla ya kuweka kosa kwenye daftari, mwulize mtoto amefikaje hapo.

Jaribio lake maarufu linajulikana. Unamimina maji sawa katika glasi mbili zinazofanana. Mtoto anakubali ni sawa. Halafu, mbele ya macho yake, unamimina glasi moja katika chombo kirefu chembamba. Mtoto wa miaka 5 mara nyingi atasema kirefu kina maji mengi. Piaget alisema mtoto huvuka mto huu akiwa na miaka kama 7, na mbele yake kuna hatua ya kufikiri mambo yasiyoonekana, kuanzia miaka 11 hivi.

Udhaifu ulionekana watu walipobadilisha mambo madogo. Huko Uskoti, James McGarrigle na Margaret Donaldson walifanya mchezo ambao mwanasesere dubu "mtundu" anaharibu safu ya vitu, badala ya mtu mzima kuipanga upya kwa makusudi. Watoto wa miaka 4 mpaka 6 waliojibu sawa wakaongezeka sana. Ukifikiri kidogo utaona kwa nini. Mtu mzima akikuuliza swali, akasogeza vitu, akakuuliza swali lile lile tena, si utadhani anataka jibu lingine?

Patricia Greenfield alipofanya jaribio la maji na watoto wa Kiwolofu huko Senegal, katika miaka ya 1960, wengi wasiosoma shule walikosa hata wakiwa na miaka 11. Wengine walieleza kwamba yule mgeni ndiye aliyefanya maji yageuke, kama kwamba ana nguvu za ajabu. Basi akawapa watoto wenyewe wamimine. Majibu sawa yakapanda, kwa sababu mtoto hakuamini mkono wake mwenyewe una uganga. Na huko Mexiko, watoto wa wafinyanzi walijua mapema kuliko wenzao kwamba donge la udongo halipungui ukilibonyeza. Nani angewafundisha zaidi ya kazi ya nyumbani?

Piaget mwenyewe, mwaka 1972, alikubali kwamba ile hatua ya mwisho huenda mtu akaifikia katika kazi anayoijua tu. Mekanika anaweza kufikiri kama mwanasayansi mbele ya injini, na mbele ya hesabu ya karatasi akawa kama mtoto.

Upande wetu kuna utafiti ambao kila mwalimu angefaa kuujua. Robert Sternberg na wenzake, akiwemo Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, waliwapima watoto 85 wa Usenge, karibu na Ziwa Viktoria, wenye miaka 12 mpaka 15. Waliwauliza kuhusu dawa za mitishamba: hii inatibu nini, inatumiwaje. Waliwapima pia kwa majaribio ya kishule. Kwa jumla, walioelewa sana dawa walifanya vibaya kidogo katika maneno ya Kiingereza, na walioelewa Kiingereza wakapungukiwa kwenye dawa. Mtoto ana saa 24 tu, na familia huchagua azitumie wapi. Wajaluo wenyewe wana neno rieko kwa akili ya ujuzi, lakini wanataja pia luoro, heshima, na paro, kuona la kufanya na kuanza. Wakipsigis wa Kokwet walisema mtoto ni ng'om, ana akili, nyumbani anapoona kazi inahitajika na kuifanya bila kutumwa. Karatasi ya mtihani haina pahali pa kuandika hayo. Yule msichana unayesema ni mzito, ambaye akifika nyumbani anamwogesha mdogo wake, anawasha moto na kuhifadhi chakula cha baba, hana upungufu wa akili. Ana upungufu wa saa.

Lev Vygotsky alizaliwa mwaka mmoja na Piaget, 1896, katika nchi ambayo leo ni Belarusi. Kifua kikuu kilimwua mwaka 1934 akiwa na miaka 37, na kwa miaka karibu ishirini serikali ya Sovieti ilizuia vitabu vyake. Yeye alisema usimpime mtoto kwa anachoweza peke yake leo tu. Pima pia anachoweza akisaidiwa kidogo na anayejua zaidi, maana hicho ndicho atakachoweza peke yake kesho. Watoto wawili wote wamepata 4 kati ya 10. Wape kidokezo: mmoja anafika 8, mwingine anabaki 5. Hawako pahali pamoja.

Kwa mwalimu mwenye watoto 60 na wasaidizi hana, nadharia hii inafaa kuliko ya Piaget, kwa sababu msaidizi anaweza kuwa mtoto mwenzake. Lakini ina matundu. Vygotsky hakueleza kwa usahihi msaada ni kiasi gani, hivyo walimu wawili wanaweza kumpima mtoto mmoja na kupata majibu mawili. Na hakusema mengi kuhusu mwili wenyewe. Mtoto aliye na minyoo na hajala asubuhi, kidokezo kitamsaidia nini?

VIJANA

Erik Erikson, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902 na kuishi Marekani, ndiye wa kwanza kati ya hawa kutuambia kwamba ukuaji haukomi ukipata kitambulisho. Mwaka 1950 alitoa hatua nane, kila moja na pambano lake: kuamini ama kutoamini kwa mtoto mchanga, bidii ama kujiona duni kwa mtoto wa shule, mpaka mzee anayeangalia nyuma kwa amani ama kwa uchungu. Wanafunzi wa diploma wanazijua, kwa hiyo sitazirudia zote.

Kilicho kizuri kwake ni ujana. Alisema kijana anauliza, mimi ni nani, na jamii humpa muda wa kujaribu kabla ya kubeba mizigo ya utu uzima. Zamani katika jamii zetu nyingi swali hilo lilijibiwa na rika. Umetahiriwa ama umepitia sherehe yenu, umepewa jina la rika, unajua nani mkubwa wako na nani mdogo wako. Siku hizi sherehe inaweza kuisha kwa wiki moja kati ya muhula na muhula, na kijana anarudi shule mtu mzima kwa jina, mtoto kwa sheria za bweni.

Na hapa orodha ya Erikson inavunjika. Yeye alifikiri muda wa kujaribu una mwisho: utapata kazi, utaoa ama kuolewa. Msomi wa Msumbiji, Alcinda Honwana, mwaka 2012 aliandika kuhusu vijana wa Afrika walionaswa katika kungoja, wamemaliza shule, hawana mshahara, hawawezi kulipa mahari wala kupanga nyumba. Kijana wa miaka 29 anayelala jikoni kwa mama yake hajakwama katika nafsi yake. Amekwama katika uchumi. Mshauri asiyejua tofauti hiyo atamwambia ajijue, kumbe kijana anajijua vizuri sana, anachokosa ni kodi ya nyumba. Wanawake nao walilalamika, tena kwa haki, kwamba Erikson aliweka kujijua kwanza na ndoa baadaye. Binti aliyeolewa na miaka 16 hakuulizwa yeye ni nani.

UZEE

Zamani vitabu viligawanya maisha mara mbili: kupanda, halafu kushuka. Paul Baltes, Mjerumani, alipinga. Alisema katika kila umri kuna kupata na kuna kupoteza, hata mtoto anapoteza kitu. Mfano wake mzuri ni mpiga piano Arthur Rubinstein akiwa na miaka 80. Alichagua nyimbo chache, akazizoeza zaidi, na kabla ya pahali pa kasi akapunguza mwendo ili kasi isikike kubwa. Nyanya wa hapa anafanya hivyo hivyo bila piano: ameacha shamba la mbali, amebaki na sukumawiki karibu na mlango, na maji anachotewa na mjukuu. Kumwambia aache kabisa si kumpumzisha.

Warner Schaie naye alianza mwaka 1956 kuwafuata watu wa Seattle, wale wale, kwa miaka mingi. Aliona kwamba ujuzi wa maneno unadumu mpaka uzeeni, wakati kasi ya kujibu hupungua mapema. Tafiti za haraka zilikuwa zimelinganisha wazee na vijana wa siku moja, zikasema wazee wamepungukiwa akili, kumbe walikuwa tu wamesoma shule kidogo.

Upungufu wa Baltes ni kwamba kuchagua kunahitaji kuwa na cha kuchagua. Mwanamke wa miaka 70 aliyewazika watoto wake wakati wa janga la ukimwi na kuanza upya na wajukuu wanne, jedwali la Erikson linasema akae ayakumbuke maisha yake. Yeye anatafuta daftari na viatu vya shule. Hatua zimemrudia.

Kuna Mwafrika aliyejaribu kuandika nadharia kutoka nyumbani. Bame Nsamenang wa Kamerun, katika kitabu cha mwaka 1992, hakupanga maisha kwa miaka bali kwa kazi na nafasi ambazo jamii humpa mtu, kuanzia kupewa jina mpaka kuwa miongoni mwa waliotangulia. Kwangu mimi hilo linakaribia ukweli wetu kuliko jedwali la Erikson. Lakini haijapimwa sana kama zile nyingine, na inaeleza vizuri zaidi kijiji kilichosimama kuliko chumba kimoja cha kupanga mjini, ambako mtoto hana shangazi wala uwanja.

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja ajaribu mambo mawili nyumbani ama darasani. Chukua vikombe viwili sawa na chupa moja nyembamba. Kwa mtoto wa kwanza mimina wewe, kwa wa pili mwache amimine mwenyewe. Halafu panga vifuniko vya soda safu mbili, sita kwa sita, utawanye safu moja, uulize ni wapi kuna vingi. Watafute watoto wa miaka 4 mpaka 8, na angalau mmoja asiyesoma nasari.

Kisha jadilianeni. Ni nani katika kijiji chetu anayelea mtoto mchana, na tumewahi kumwita kwenye mafunzo ama tunamwita mama peke yake? Kama kikundi kina mpango wa kuchangia makao ya watoto, ni familia ngapi za ukoo tumeziuliza kwanza?

Majibu ya watoto yaandikeni kama walivyosema wenyewe, pamoja na sababu walizotoa. Msiyasahihishe. Mkutano utaanza na yale ya makosa.